Historia ya kijiji imo kwenye daftari la kahawa

Mtu akitaka kuandika historia ya kijiji cha mlima Kilimanjaro, kiwe cha Kibosho, Machame, Marangu au Rombo, kwanza ataambiwa amtafute mzee fulani, kisha aulize habari za mangi, yaani mtawala wa jadi. Ushauri mzuri. Ila mzee hukumbuka alichokipenda na alichokichukia, na habari za mangi huishia nyumbani kwa mangi. Kabla ya kwenda huko pita stoo ya chama cha msingi, yaani ushirika wa kijiji unaopokea kahawa ya wakulima. Nyuma ya mizani, chini ya magunia matupu, mara nyingi kuna kabati la bati ambalo ufunguo wake anao karani. Humo mna kijiji kizima: nani alikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, nani alikopa dawa akashindwa kulipa, shule ilianza kukatiwa fedha msimu gani, mkutano upi ulivunjika na kwa sababu gani.

Andiko hili ni la anayetaka kulifungua kabati hilo na kulisoma bila kudanganyika.

Shika kwanza tarehe chache, kwa sababu jina lililo juu ya jalada hubadilika na mtu asiyezijua huona vyama vinne palipo na kimoja. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda Kilimanjaro Native Planters Association, KNPA, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Kilimo cha kahawa kilikuwa kimeshika kasi miaka michache kabla, na Charles Dundas, mkuu wa wilaya wa Kiingereza aliyekuwa Moshi, alikihimiza. Walowezi hawakupenda. Walidai kahawa ya Mwafrika italeta wadudu na magonjwa kwenye mashamba yao, na wengine walitaka Waafrika wakatazwe kabisa kulima arabika. Chama kikajibu kwa vitendo: pampu na dawa zikanunuliwa kwa pamoja, mibuni ikapigwa dawa, kahawa ikauzwa kwa mkono mmoja. Ikatungwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1932, na mwaka 1933 KNPA ikaipisha KNCU, Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani muungano wenye vyama vya msingi chini yake. Meneja wake wa kwanza alikuwa Mzungu, A. L. B. Bennett. Mwaka 1937, bei ikiwa chini na mkulima akiuza kupitia chama kwa amri, si kwa hiari yake, fujo zilizuka na baadhi ya maghala ya vyama yakavunjwa.

Kisha ruka hadi 1976. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Kijiji kikawa ndicho chama, na zao likasimamiwa na mamlaka ya kahawa. Sheria ya 1982 ikarudisha ushirika, na katikati ya miaka ya 1980 KNCU ikasimama tena. Msimu wa 1994/95 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Baadaye vyama vya msingi 32 vikaamua kuuza vyenyewe nje ya KNCU, ndiyo G32 inayotajwa hadi leo. Mwaka 2013 ikaja sheria mpya ya ushirika, na kuanzia 2018 serikali ikaelekeza kahawa ya mkulima mdogo ipitie tena vyama vya msingi. Mabadiliko hayo yote kwenye kabati utayaona kwa alama ndogo tu: muhuri mpya, rangi nyingine ya stakabadhi, jina la chama lililofutwa kwa mstari mmoja na jingine kuandikwa juu yake.

Daftari la wanachama ndilo la kuanza nalo. Kila mstari una namba ya uanachama, jina, mtaa, tarehe ya kujiunga, kiingilio, hisa, na safu ya mrithi. Wengi huishia kwenye majina. Safu ya mrithi ina utajiri zaidi, maana inaonyesha mwenye kihamba alitarajia kimwendee nani. Kwa mila ya Kichaga mtoto wa mwisho wa kiume ndiye aliyebaki nyumbani kwa wazazi, na wa kwanza alitafutiwa kihamba chake. Ukiona safu hiyo imejaa wa kwanza mtaa mmoja na wa mwisho mtaa mwingine, usikimbilie kusema mila zilitofautiana. Tazama kwanza kama mtaa ule wa kwanza ulikuwa bado na ardhi ya kugawa.

Angalia pia sahihi na dole gumba. Hesabu waliotia sahihi na waliochovya wino, kwa kila miaka kumi ya kujiunga, nawe utapata kipimo cha kusoma na kuandika kijijini ambacho hakuna sensa itakupa. Tumia daftari la wanachama kwa hesabu hii, usitumie karatasi za malipo. Siku ya malipo watu walikuwa wamejipanga hadi barabarani, na karani mwenye haraka alimpa kila mtu kidau cha wino, hata mwalimu.

Majina nayo yana mtego. Mtu aliyejiunga kwa jina la nyumbani huweza kurudi miaka mitano baadaye akiwa na jina la ubatizo, namba ileile. Namba ndiyo mtu. Jina ni nguo. Ikiwa namba nayo imebadilika, kwa mfano vyama viwili vilipounganishwa, nenda kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia au usharika, ambacho kwa kawaida hutaja mzazi na mahali. Kwenye koo kubwa kama Mushi, Massawe, Lyimo au Kimaro usithubutu kuunganisha watu wawili kwa jina peke yake.

Kitabu cha mihtasari ndicho cha pili. Kwa mwaka wa kawaida utakuta ajenda zilezile: kufungua mkutano, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya ukaguzi, makisio ya mapato na matumizi, ukomo wa madeni, uchaguzi, mengineyo. Usipoteze muda kwenye makisio. Nenda "yatokanayo" na "mengineyo". Pale ndipo panapoulizwa kwa nini mizani inapunja, kwa nini njia ya stoo imezibwa, nani atamlipa mlinzi. Ukomo wa madeni nao usiuruke: ni kiwango cha juu ambacho wanachama wameruhusu chama kukopa mwaka ule. Ukipanda ghafla, ama bei ya kahawa ilikuwa imepanda, ama kuna kitu kinajengwa, ama kuna deni la pembejeo linafunikwa kwa deni jingine. Leja itakuambia ni lipi.

Muhtasari huandikwa na katibu, na katibu ni mtu wa kamati. Ugomvi hufupishwa kuwa "wajumbe walijadili kwa kina". Ukikutana na maneno hayo, hesabu mahudhurio ya mkutano uliofuata. Yakishuka kwa nusu, ugomvi ulikuwa mkubwa.

Kuna kitabu kimoja watu hukidharau: kitabu cha wageni. Bwana shamba, mkaguzi, ofisa ushirika, wote walitakiwa kusaini kila walipofika. Ukizipanga tarehe zao utaona miaka ambayo hakuna aliyekanyaga pale, na mara nyingi miaka hiyo ndiyo yenye kurasa zilizochanwa kwenye kitabu cha fedha taslimu.

Sasa hesabu za kahawa zenyewe. Hapa ndipo historia nyingi za vijiji huharibika.

Kosa la kwanza ni vipimo. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 uzito uliandikwa kwa ratili. Ratili moja ni kilo 0.4536, kwa hiyo ratili 100 ni kilo 45 na kidogo. Kichwa cha safu mara nyingi hakitaji kipimo, kwa kuwa kila mtu alikijua. Mtafiti asiyejua hukuta mwanachama aliyeleta 440 msimu mmoja na 200 msimu uliofuata, akaandika kwamba mavuno yalianguka. Hayakuanguka, ratili 440 ni karibu kilo 200, kasoro kama nusu kilo tu. Ili ujue mabadiliko yalitokea lini kwenye chama chako, tafuta risiti ya kununua au kutengeneza mizani kwenye faili la barua, au tazama ni lini wanachama wote walishuka kwa kiasi cha nusu kwa pamoja. Ugonjwa wa mibuni haushushi kila mtu kwa uwiano uleule.

Kosa la pili ni hali ya kahawa. Chama kilipokea kahawa kavu yenye ganda la ndani, iliyomenywa nyumbani kwa mashine ya mkono siku ileile ya kuchumwa, ikavundikwa, ikaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja wiki mbili hivi. Kilo 5 za kahawa mbivu hutoa takriban kilo 1 ya hiyo kavu. Ikifika kiwanda cha kukoboa mjini Moshi, ganda likiondoka, hupungua tena kwa karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo kilo 1,000 za daftari la kijiji na kilo 800 za taarifa ya mnada zaweza kuwa mzigo uleule. Wapo walioandika kwamba chama kikuu kiliiba tofauti hiyo. Wizi ulikuwepo miaka mingine, lakini huu si wizi, ni ganda. Na vyama vilivyojenga mitambo ya pamoja ya kumenyea hupokea kahawa mbivu, basi uzito kwenye daftari hupanda mara tano bila mbuni hata mmoja kuongezeka.

Kosa la tatu ni msimu. Mavuno ya huku huanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi mwisho wake, malipo ya awali hutolewa kahawa inapopokelewa, na malipo ya pili na ya mwisho huja baada ya mauzo, pengine mwaka mwingine kabisa. Msimu wa 1936/37 si mwaka 1936. Fedha za msimu mmoja hutawanyika kwenye kurasa za miaka miwili ya kitabu cha fedha, na anayejumlisha kwa kufuata kalenda huwapa wakulima utajiri mwaka mmoja na njaa mwaka wa pili.

Kosa la nne ni la tafsiri. Baridi kali ya kugandisha ilipiga kahawa ya Brazil mwezi wa saba 1975, na bei ya dunia ikapaa 1976 na 1977. Ndio wakati uleule vyama vilipovunjwa hapa. Basi utamsikia mzee akisema mambo yalikuwa mazuri chama kilipoondoka, na mwingine akisema fedha za bei ile ziliyeyuka kwa sababu chama hakikuwepo. Wote wawili wanakumbuka kweli miaka ile. Leja ya kijiji ndiyo itakayoonyesha kiasi kilichomfikia mkulima. Vivyo hivyo na 1989: makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalivunjika mwezi wa saba mwaka ule, bei ikaporomoka, na mibuni mingi ikaanza kutelekezwa au kung'olewa miaka ya 1990. Ukiona chama kilianza kudhoofika wakati huo usimtwishe mwenyekiti peke yake mzigo wa masoko ya New York na London. Mpe sehemu yake tu.

Kwa vijiji vya Rombo ongeza tahadhari moja. Kahawa iliyopungua stoo huenda haikupungua shambani. Mpaka wa Kenya uko karibu, na ng'ambo ikilipa vizuri zaidi, magunia hayangoji mizani.

Idadi ya mibuni nayo huandikwa kwenye baadhi ya madaftari. Kwa nafasi ya futi 9 kwa 9, ekari moja hubeba mibuni 537. Lakini kihamba si shamba la mlowezi. Mibuni iko chini ya migomba, pamoja na viazi vikuu, magimbi na majani ya ng'ombe, kwa hiyo mibuni 500 yaweza kuwa imetawanyika kwenye eneo kubwa zaidi. Usigeuze mibuni kuwa ekari bila kwenda kukiona kihamba.

Na fedha: usibadilishe shilingi za 1955 kuwa za leo kwa hesabu ya aina yoyote. Ile ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki; ya Tanzania ilianza 1966. Njia ya uhakika ni kupima kwa vitu vilivyomo kwenye vitabu hivihivi: ada ya shule iliyokatwa, bei ya bati moja lililonunuliwa kwa ajili ya paa la stoo, mshahara wa mlinzi kwa mwezi. Kilo ngapi za kahawa zilinunua bati moja? Hapo msomaji wa kijijini anaelewa mara moja.

Kuna watu ambao hawamo kabatini. Uanachama ulifuata kihamba, na kihamba kilikuwa cha mwanamume. Mwanamke aliyechuma, aliyemenya na kubeba kahawa hadi stoo alipokelewa kwa namba ya mume, na mkono wake huonekana mara nyingi kwenye stakabadhi za mapokezi tu, mahali palipoandikwa "aliyeleta". Wajane huonekana kwa majina yao, na hao ndio dirisha: fuata mjane mmoja kwa misimu kumi, uone alibaki na namba hadi lini kabla ya kuipokea kijana wake. Wasio na vihamba, vijana waliosubiri kugawiwa na vibarua waliotoka nje ya mlima, hawamo kabisa. Ndizi na maziwa, ambavyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya mama mkononi, navyo havimo. Anayeandika historia ya kijiji kwa daftari la kahawa tu ameandika historia ya nusu ya nyumba.

Ndiyo maana usiishie kwenye ushirika. Vyama visivyo na karatasi vina historia ndefu zaidi, na cha kwanza ni cha mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Mfereji huanzia mtoni juu kwa kizuizi cha mawe, magogo, udongo na majani, ukashuka ukifuata mgongo wa kilima hadi vihambani. Penye maji kidogo kuna nduwa, bwawa dogo linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, maana maji ya usiku hayana wa kuyatumia na ya mchana hayatoshi. Wenye mfongo wana kiongozi, zamu, siku ya kusafisha, na faini kwa asiyetokea, zamani ikilipwa hata kwa mbege, pombe ya ndizi. Kusoma chama hiki utembee nacho kutoka kizuizini hadi mwisho, pamoja na mtu anayejua zamu. Kila tawi uliza: linaitwaje, ukoo gani ulilichimba, nani anapata maji siku gani. Jina la mfongo mara nyingi ni jina la aliyeuchimba, na mpangilio wa zamu huonyesha nani alitangulia kufika na nani alikaribishwa. Tembea wakati wa kiangazi. Masika kila mtu ana maji na hakuna anayekumbuka sheria.

Upande wa Meru kuna karatasi za namna nyingine: michango. Wameru walipoondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao iwe ya walowezi, walichangishana wenyewe kumpeleka msemaji wao Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952, akiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Orodha ya wachangaji, popote ilipobaki kwenye sanduku la ukoo, ni ramani ya siasa ya mitaa ile kuliko hotuba yoyote.

Tukirudi kabatini, kazi ya mikono ifanywe hivi. Anza kwa barua kwa bodi ya chama, ukitaja vitabu unavyotaka na utakachorudisha. Mwenyekiti akikubali kwa mdomo, omba iingizwe kwenye muhtasari, kwani uongozi ukibadilika utafukuzwa. Daftari lenye unyevu lisianikwe juani, karatasi hujikunja na wino kufifia. Lisimamishe wima kivulini, kurasa zikiwa wazi kidogo, siku mbili tatu. Ondoa pini na vibanio vyenye kutu kwa kisu butu. Ukurasa uliochanika usiubandike gundi ya karatasi ya plastiki. Baada ya miaka michache gundi hugeuka kahawia na kula maandishi. Uache ulivyo ndani ya bahasha.

Kupiga picha kunahitaji watu wawili: mmoja hufunua, mwingine hupiga. Tumia mwanga wa dirisha, zima taa ya simu, weka rula kando ya ukurasa ili ukubwa ujulikane, na piga hata kurasa tupu, maana ukurasa tupu nao ni habari. Daftari la kurasa 200 kwa picha za megabaiti 4 hula megabaiti 800, basi nenda na nafasi ya kutosha. Jina la faili liwe na chama, aina ya daftari, msimu na ukurasa, kwa mpangilio uleule kila mara. Jioni ileile fungua picha kumi bila kuchagua uone kama zinasomeka. Ukingoja mwezi, funguo zitakuwa kwa karani mwingine.

Madeni ya watu walio hai, au ambao watoto wao wako hai, yasitoke na majina. Tumia namba ya mwanachama, na hata hiyo ibadilishe. Kijijini namba 214 inajulikana ni ya nani.

Ukimaliza, nakala moja ibaki kwa chama kwenye flashi iliyofungwa ndani ya bahasha, moja kwa shule ya sekondari ya karibu, moja kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ikikubali kupokea. Asili irudi kabatini, juu ya tofali au ubao, isiguse sakafu wala ukuta wa nyuma. Mchwa hupanda kwa ukuta.